Ngiri Aliyechimba Ushahidi

Mniwie radhi, hekaya hii nitaiharibu. Hata mke wangu huondoka nikianza.

Ngiri mbishi alitaka mkopo wa serikali wa kusafisha uwanja wake uliolowa oili chafu, apande mihogo ya wanawe. Kobe, karani wa mikopo, akauliza, "Mzee, nani aliuchafua? Mchafuzi hakopeshwi."

"Ni huyo jirani yangu Fisi! Ngoja nikufukulie ushahidi!"

Akachimba siku tatu, akaibua mapipa ya oili yaliyooza kwa kutu, yote yameandikwa jina la gereji yake mwenyewe ya ujanani.

Kobe akakohoa. "Ehe, mzee?"

Ngiri akajifuta pua. "Andika mchafuzi ni mimi, bwana karani. Mkopo kaa nao, na Fisi niombee radhi. Mimi nipishe, nusu ya uwanja nimeshaisafisha kwa kuchimba nikimtafuta mchafuzi."