Kinyumenyume

Tangu asubuhi chuo kizima kilikuwa kikimwita Lusajo "Mheshimiwa Balozi," na kila cheo hicho kilipotajwa Profesa Kihampa aligeuka, kisha akakumbuka kwamba si chake tena.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Lusajo, akiingia ofisini. "Wiki ijayo nakabidhi hati zangu za utambulisho kwa mfalme wa huko niendako, na sijui hata nasimamaje."

"Marahaba."

Miaka kumi na miwili profesa alikuwa akingoja simu ya wizara ya kumrudisha ubalozini, na simu imekwenda kwa kijana aliyemfundisha mwenyewe. Wivu ulimwingia. Angeweza kumfundisha vibaya, kijana ampe mfalme mgongo, na ubalozi uishie hapo hapo.

"Kaa kwenye kiti changu. Wewe ndiye mfalme."

"Mimi tena!"

"Nyamaza. Wafalme hawachekicheki."

Profesa alimkabidhi bahasha iliyokuwa mezani kwa mikono miwili, akainama. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, mgongo umenyooka, vizuri kuliko alivyowahi kufanya mbele ya mfalme yeyote.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu. Inatosha."

Hakusimama. Alivuka mlango, akaendelea koridoni, wanafunzi wakimpisha, macho yake yakiwa kwenye kiti na aliyekikalia.