Ukaguzi Nyumbani kwa Mwalimu Igoki

Kailemia alipogonga kabati kwa bega na chai ikamwagika, Gladwell hakushtuka. Alifurahi, Mungu amsamehe. Alikuwa amepanda mlima wa Kibirichia kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo, kuja kuona jambo hilo hilo kwa macho yake.

Kanisa ndilo lililomtuma. Mwalimu Igoki, mke wa Kailemia, alikuwa amependekezwa kuwa mzee wa kanisa, na kabla ya mtu kuwekewa mikono nyumba yake hukaguliwa. Igoki alikuwa akiutamani uzee huo miaka mingi. Bila karatasi ya Gladwell, Jumapili angebaki kwenye benchi kama wengine. Mtu wa chupa hapewi uzee, hapo hapana mjadala. Lakini mke wa mtu wa chupa je? Hilo ndilo Gladwell alikuja kulipima.

Maana habari za Kailemia kila mtu alizijua. Karibu miezi saba iliyopita, alfajiri, pikapu ya Njagi ilitoka boma hili imebeba mtu aliyefunikwa blanketi gubigubi, miguu ikirukaruka. Hospitali nayo haikosi mdomo: kifafa kilicholetwa na pombe. Njagi, ukimuuliza, husema yeye ni dereva tu. Kailemia alipoulizwa sokoni hakukana. "Pombe imetunyoosha," alisema, akainamisha kichwa. Wazee wakamtenga asishiriki meza ya Bwana, akakubali bila neno. Ni kweli hakuna aliyewahi kumwona akinywa. Lakini mlevi wa siri ndiye sugu, Gladwell aliwafafanulia wenzake.

"Pole, Dada Gladwell," Kailemia alisema sasa, akipangusa chai sakafuni. "Miguu hainisikii siku hizi."

Igoki alikuwa ameanza kuinuka ampokee mgeni kikombe. Aliushika ukingo wa meza, akaketi tena polepole. Maskini, amechoka, Gladwell akawaza. Nani asingechoka na mume wa namna hiyo?

"Ni dawa," Igoki alisema, akielekeza kidole kwenye pakiti ya vidonge juu ya redio. Maneno yake yalitoka moja moja. "Zinazuia kifafa, lakini zinalegeza mwili. Kizunguzungu. Usingizi. Ulimi unakuwa mzito."

"Mambo yote hayo unayajua, Mwalimu."

"Nayajua."

Ukutani palikuwa na kalenda iliyojaa alama nyekundu, siku baada ya siku. Gladwell aliitazama akaelewa: siku bila pombe.

"Na ni wewe unayehesabu?"

Igoki alimtazama mumewe.

"Mmoja wetu lazima ahesabu," Kailemia akajibu, akajikwaa kwenye mkeka ingawa alikuwa amesimama mahali pamoja.

Ukaguzi uliendelea. Gladwell alimwomba mgombea aseme andiko analolipenda, kwa kichwa. Igoki akafungua mdomo. Andiko halikuja. Alikunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kikapu, na Gladwell, ambaye si mtu wa kupitwa na kitu, akainua kalamu.

Hapo Kailemia akaanza kukoroma. Si kukoroma kwa adabu. Kukoroma kwa kutikisa vikombe, kidevu kifuani, mikono imening'inia. Gladwell akageuka kumtazama, na alipomaliza kusikitika alikuwa amesahau aliuliza nini.

"Hukumwacha," alisema kwa sauti ya chini. "Wengine wangerudi kwao zamani."

"Mtu aliyekushika ukianguka humwachi," Igoki alisema, na macho yake yakalowa.

Gladwell naye akatoa leso. Kwenye fomu, palipoulizwa kama kuna ulevi nyumbani, aliandika: "Ulikuwepo. Mgombea anaubeba msalaba huu kwa uvumilivu ambao sijapata kuona." Akatia sahihi, akaomba sala ndefu iliyomtaja Kailemia mara sita. Wenye nyumba walimsindikiza hadi mlangoni wakiwa wameshikana mkono kwa nguvu, na Gladwell akaona jinsi yule mama anavyomshikilia mumewe asianguke.

Alikuwa amefika kwenye shamba la viazi mvua ilipoanza, akakumbuka mwavuli. Akarudi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Gladwell hajawahi kubisha mlango ulio wazi kidogo. Alichungulia.

Kailemia alikuwa akivuka chumba, vikombe vitatu mkono mmoja, birika mkono wa pili, hatua zake zimenyooka na hakuna tone lililomwagika. Akaviweka mezani. Akachora alama nyekundu kwenye kalenda, akatoa vidonge viwili kwenye pakiti, akapiga goti mbele ya mkewe.

"Siku mia mbili na nne, Mwalimu. Meza nikikuona."

Igoki akavimeza, kisha akatoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, kuonyesha hakuna kilichobaki.

"Na leo je? Nimeyumba vizuri?"

"Umezidisha," Igoki alisema kwa ule ulimi wake mzito. "Mimi sijawahi kugonga kabati."