Mtihani wa Mzee Kekobad

Mzee Kekobad alifika Garissa na masanduku mawili matupu: moja la nguo za Jehan, jingine la nguo za Roshni. Wajukuu zake wasipomridhisha, kesho yake angeondoka nao kwenda Nairobi.

Tangu amzike binti yake Dinaz, miezi saba sasa, mzee alikuwa amekufa ganzi. Chakula hakikuwa na ladha, na pole za watu zilimpita tu. Jambo moja ndilo lililobaki likimkera. Dinaz alikuwa akiwasomesha watoto nyumbani, na baada ya hesabu akiwafunza dini yao ya Zoroasta, waliyoirithi kwa wazee wa Uajemi. Garissa nzima familia ya dini hiyo ni hiyo moja. Baba yao, Sohrab, hutoka alfajiri kwenda kwenye mitambo ya umeme wa jua, akarudi jioni akiwa hoi. Sasa nani angewafundisha?

Basi akawaketisha mezani, akaanza kuwauliza. Jehan alijifunga kusti, ule mshipi wao wa sufu, mizunguko mitatu kiunoni, fundo mbele na fundo nyuma, sala ikimtoka bila kukwama. Roshni, mwenye miaka saba, aliulizwa mtu aishi vipi.

"Mawazo mema, maneno mema, matendo mema," akasema. "Imo kwenye Afesta."

"Avesta," mzee akamsahihisha jina la kitabu chao kitakatifu.

Mara moja tu Roshni alikwama, katikati ya sala. Akatupa jicho mlangoni, alikosimama Ugbad, msichana wa kazi, na birika la chai mkononi. Midomo ya Ugbad ilikuwa ikicheza taratibu. Mzee akadhani anavuta uradi. Roshni akakumbuka, akasoma hadi mwisho.

Walikuwa wamefaulu. Mzee akangoja furaha, haikuja. Akampigia simu Sohrab kumwambia watoto watabaki, na kumshukuru kwa kuishika kazi ya marehemu. Sohrab akasema yeye hakufanya lolote. Mzee akaona huo ni unyenyekevu wa mkwe.

Lakini ile Afesta ilimkaa rohoni. Alijua imetoka wapi: kwa msichana wa kazi, Msomali, ambaye lugha yake haina v. Akamwita Ugbad, akamwambia, bila ukali wowote, kwamba leo ndiyo mwisho wa kazi. Nyumba hii yataka mtu wa dini yao, asiyewaharibu watoto ulimi. Atamleta mwenyewe kutoka Nairobi.

Ugbad aliingia jikoni, akafunga nguo zake chache, akarudi na daftari lililojaa mwandiko wa Dinaz. Akalifungua katikati na kuliweka mbele ya mzee.

"Babu, mama yao alinifundisha akiwa mgonjwa kitandani, mbaka ukurasa hii," alisema. "Ya mbele mimi sijui."