Droo ya Tatu

"Faili lako la kiinua mgongo halionekani, mama. Rudi Jumatatu," alisema karani, macho kwenye simu.

Bi Siwema alikuwa amelivumilia jibu hilo kwa miezi saba. Lakini masjala ile aliitunza yeye miaka thelathini, na lebo za makabati bado zilikuwa na mwandiko wake. Akaizunguka kaunta.

"Wateja hawaingii huku!"

Akavuta droo ya tatu. Faili lilikuwa palepale, na vumbi lake halijaguswa.

"Kumbe hukulitafuta hata siku moja! Hebu ondoka hapo."

Karani alijikuta amesimama. Bi Siwema akapangusa kiti kwa pindo la khanga, akakaa, akavaa miwani, akaligeukia benchi lililojaa wastaafu wenzake.

"Haya, anayefuata! Jina lako nani, kaka?"