Mgonjwa wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana

"Chumvi imezidi," alisema Mzee Silvesta, na wala hakuwa ameonja.

Dafroza akasali Salamu Maria tatu kimoyomoyo ili asimjibu. Ilikuwa Alhamisi ya sita. Majuma sita anavuka mji wa Makambako, upepo unamng'ang'ania kanga, anakwenda kumpikia mzee aliyejaliwa vipaji vyote vya Roho Mtakatifu isipokuwa shukrani.

Kazi hii hakuiomba. Tangu amzike mumewe, Rodrick, mwezi wa pili, hakuwa ameomba chochote. Alilala tu, mlango umefungwa, sufuria zimekauka. Ndipo Katekista Abrahamu alipobisha hodi na habari njema: Mzee Silvesta mgongo umeteguka, mke alishatangulia mbele ya haki, binti yake yuko Njombe. Jumuiya nzima imesali, na Roho amemwonyesha Dafroza.

"Jumuiya ina watu ishirini na wanane," Dafroza alimwambia. "Roho hakumwona mwingine?"

"Wengine wana shughuli, mama."

Basi wenye shughuli wakabaki na shughuli zao, yeye akapewa neema.

Na neema yenyewe ilikuja na masharti. Mzee hakugusa chakula mpaka mpishi ale kwanza. "Keti, kula. Nitajuaje umetia nini humo?" Tena si tonge moja la kuonja, sahani nzima, huku amemkazia macho kama mkaguzi wa nyama. Viazi alivisukuma upande wa Dafroza, eti vibichi. Maharage nayo, eti yanamjaza tumbo.

Baada ya kula alidai habari za mjini.

"Sina habari, mzee. Mimi sitoki."

"Basi ukija pitia sokoni. Au unataka nife sijui hata bei ya vitunguu?"

Dafroza akawa anapitia sokoni, kwa utii uliojaa sonona. Huko watu walimsalimu, "Kamwene, mama," naye alilazimika kuitikia. Hilda muuza vitunguu hakumwachia mtu aondoke na vitunguu pekee. Kila fungu lilikuja na umbea wake. Jumatano jioni Dafroza alijikuta anachambua maharage ya kesho yake, amekasirika kwelikweli, lakini yuko macho, na moto unawaka.

Alhamisi hiyo alisimulia jinsi mwalimu wa kwaya alivyouanzisha wimbo juu mno, hata sauti ya kwanza wakabaki wanatazamana, na Padre akamalizia peke yake. Alipofika sehemu ya Padre, kicheko kilimtoka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mzee Silvesta hakucheka. "Punguza sauti," alisema. "Mgongo wangu."

Hapo uvumilivu ukamwisha. Dafroza akaosha vyombo kwa kelele zote alizoweza, akaaga, akatoka. Njiani alipanga hotuba ya kumpa Katekista: leo hii atafute mtakatifu mwingine, huyu amestaafu. Alikuwa amefika barabarani alipokumbuka kwamba kikapu chake amekiacha jikoni. Akarudi, amenuna.

Nyuma ya nyumba palisikika kishindo, kikafuata kingine. Dafroza akachungulia.

Mzee Silvesta alikuwa amevua sweta, anapasua gogo la mkaratusi kwa shoka, mgongo umenyooka kama wa kijana wa jeshi. Simu ameiweka juu ya rundo la kuni, inapaza sauti ya binti yake.

"Baba, chumba chako kiko tayari tangu Pasaka. Njombe unakuja lini?"

"Bado, Zita mwanangu," alijibu, akainua tena shoka. "Mgonjwa wangu ndiyo kwanza ameanza kula."