Sindano ya Mwisho

Watu walikuwa wameshaizoea sheria: mwigizaji haruhusiwi kuigiza mapenzi. Huchomwa sindano akapenda kweli, na sinema ikiisha huchomwa nyingine ya kuyaondoa.

Mbazi alipochomwa ya kwanza, kwa sinema ya mapenzi ya enzi za mkonge, alimwambia mkewe Nakunda, "Miezi mitatu tu." Kisha mfadhili akajitoa, mvua ikabomoa stesheni ya kuigizia, treni ya makaa ikakosa fundi. Miaka sita Nakunda alimpakulia chakula mume aliyempenda mwanamke wa kwenye sinema, na kila usiku alisali sala ileile: "Bwana, imalizike."

Jioni moja Mbazi aliingia na pamba mkononi, pale alipochomwa sindano.

"Imekwisha, mama Ndeshi."

"Bwana asifiwe! Na yule bibi wa watu?"

"Hayumo tena moyoni. Nimepona."

"Basi karibu nyumbani, mpotevu wangu." Nakunda alicheka, akamshika mkono. Mkono ukatulia tu, kama wa mgeni aliyekuja kutoa pole.

"Sindano haichagui," Mbazi alisema taratibu. "Imefagia mapenzi yote, hata yetu." Akatoa kichupa mfukoni. "Ile ya kwanza ilibaki kidogo. Ukitaka nikupende tena, nichome. Sitakataa."

Nakunda alikiweka kando ya Biblia. Alifumba macho asali, lakini sala aliyoijua ilikuwa imeshajibiwa.

"Kula kwanza," alisema. "Makande yanapoa."

Mbazi akala, akashukuru kwa adabu, akauliza atalala chumba gani.