Pale Mchungaji Aliponyamaza

Siku hizi riwaya hubadilika kufuatana na maoni ya wasomaji. Ukurasa ukiwaudhi wengi, kesho yake haumo.

Macho yangu yamechoka, kwa hiyo mjukuu wangu Aikande hunisomea riwaya moja kila akitoka kazini, hata kabla hajavua viatu. Jana nilimwomba arudie pale mchungaji anaposimama kwenye kaburi la mwanawe na kushindwa kuomba. Mimi pia, tulipomzika mwanangu, baba yake Aikande, sikuweza kuomba, na sijawahi kumwambia mtu.

Akasoma. Safari hii mchungaji aliomba vizuri sana, na watu wote wakaitikia amina.

"Si hapo, mjukuu wangu. Soma pale aliponyamaza."

"Pameondolewa, Bibi. Nilipeleka maoni."

"Maoni gani?"

"Kwamba panaumiza. Ulikuwa unalia, Bibi. Na wengine wengi waliandika hivyo hivyo."

Akanifunika miguu kwa khanga, akauliza kama aendelee. Nikamwambia ahsante, endelea. Alisoma sala nyingine ya mchungaji polepole, huku akinichungulia usoni. Nikajikaza nisitoe chozi, wasije wakaondoa hata kaburi lenyewe.